Pambizo

Nilimwambia Bi Aldith Charlton, mwenye duka la vitabu vikuukuu
pale Wooler, mkabala na mwoka mikate:
nataka kitabu cha kunifikisha Kisiwa Kitakatifu kwa miguu.
Nina likizo ya siku sita
na viatu vya kazini.

Hakunicheka. Alivitazama viatu kwanza,
kisha akapanda ngazi ya mbao.

"Hiki ni cha profesa.
Kila jiwe analijua kwa jina, na mtawa aliyelikalia.
Utajifunza mengi, hutafika.
Kina uzito wa mikate miwili, na mikate angalau inaliwa.

"Hiki, cha mwanamke aliyeachwa na mumewe,
akatembea akilia kutoka Melrose.
Ukurasa wa themanini machozi yanakauka,
anaanza kuona kondoo.
Anzia hapo.

"Cha picha hiki, kiweke mezani wageni wakione.

"Na huyu aliishia siku ya tatu, goti likamgomea,
akarudi kwa basi. Kurasa tisini tu.
Msema kweli kuliko wote,
na hanunuliwi."

Nikacheka. Mimi huwageuza wazee usiku,
ubavu huu, ubavu ule,
katika nyumba ya matunzo nyuma ya kituo cha mafuta.
Najua goti linavyogoma.

Akauliza kwa nini naenda, na dini si yangu.
Nikasema mama yangu alikwenda Makka kwa ndege,
akarudi na maji ya zamzam na mguu uliovimba,
na hadi leo huusimulia mguu.

Hapo akashuka. Akavuta droo ya fedha,
chini ya risiti akatoa kijitabu cha jalada la kijani,
kimefura kwa kunyeshewa.
"Hiki siuzi. Nakuazima."

Pambizoni mna penseli,
mwandiko mdogo, umelalia kushoto kama nyasi za mlimani.
*Daraja bovu, pita chini.*
*Chai hapa. Mama mwenye nyumba mkali, keki nzuri.*
Kitabu kinasema mandhari ya kuvutia;
penseli inasema: *ukungu, sioni vidole.*
*Mvua. Mvua. Aldith angenicheka.*

Hadi ukurasa wa mia na kumi na mbili, penye pango la mtakatifu:
*Kesho bahari.*
Basi.
Kurasa kumi na nne zilizosalia, pambizo nyeupe
kama shuka la kitanda kilichohamwa.

Sikumuuliza. Kazi imenifunza
kesho ya mtu haiulizwi.

Nikapanda basi hadi Melrose, nikaanza.
Daraja limejengwa upya.
Mama mkali hayupo, na keki sasa ni ya dukani.
Malengelenge manne, moja limepasuka.
Pangoni nikakaa juu ya mfuko wa plastiki,
nikatoa kalamu ya kazini, ile ya kujazia chati
nani kanywa maji, nani kageuzwa, saa ngapi,
nikaandika alipoachia:

*Saa moja asubuhi. Upepo wa mashariki. Tumeondoka.*
*Saa nne. Ametulia. Biskuti mbili.*
*Saa sita kasoro. Maji yamekupwa. Viatu mkononi.*
*Nguzo ya arobaini, tope hadi kifundoni, baridi inauma.*
*Hana malalamiko.*
*Saa saba na robo. Nchi kavu.*

Jumatatu nilimrudishia.
Kiswahili hakijui. Akapitisha kidole mstari kwa mstari,
polepole, kama apapasaye mfuko wa koti la mtu.
"Hapa panasemaje?"
Nikamsomea.
"Na hapa?"
Nikamsomea.
Kidole kikafika chini kabisa, kwenye doa la rangi ya chungwa,
kikasimama muda mrefu.
"Na hapa?"

Hapo, Bi Aldith, nilimwaga supu.